Wifi anasema habasoda imemponya mama mkwe, mimi naona kidonda hakifungi

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Nina watoto wawili na mimba ya miezi mitano. Mume wangu ni dereva wa lori, anapita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, kwa mwezi analala nyumbani siku sita au saba tu. Nyumba tunaiendesha mimi na mama mkwe, na tangu niolewe hatujawahi kukwaruzana. Ndiyo maana nakuandikia kabla sijaharibu.

Mama ana miaka 63. Ana sukari, huu mwaka wa tisa, na presha pia. Vidonge vyake navijua kama majina ya wanangu kwa sababu mimi ndiye ninayemsomea: metformini asubuhi na jioni, glibenklamidi asubuhi, na amlodipini ya presha. Kliniki alikuwa hakosi.

Mwezi wa kumi na moja wifi yangu mkubwa, anayekaa Mwanjelwa, alimletea chupa ya mafuta ya habasoda, ile mbegu nyeusi. Yeye na wenzake wa kikundi wanayanunua kwa jumla, wanayapima kwenye chupa na kuuza shilingi 20,000. Chupa imebandikwa karatasi ya fotokopi: "Habasoda, inatibu kila ugonjwa isipokuwa mauti." Sisi ni Wamoraviani, lakini wifi anasema hayo ni maneno ya vitabu vya dini na hayana ubishi. Alimwambia mama anywe vijiko vitatu vya chakula kwa siku, cha kwanza alfajiri kabla hajatia kitu tumboni. Akamkataza pia soda, chai ya sukari na ugali wa usiku. Vidonge mama aliendelea navyo.

Januari, wakati wa palizi ya viazi, mama alitoka alfajiri na jembe bila kunywa chai. Saa tatu jirani akaja mbio kuniita. Nilimkuta mama amekaa juu ya tuta, jasho linamtiririka na asubuhi ile ilikuwa ya ukungu na baridi, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Jirani alikuwa na soda, akamnywesha. Baada ya kama robo saa mama akarudi kuwa yeye. Wifi alipoambiwa alifurahi, akasema hiyo ni sumu ya ugonjwa inatoka. Wiki iliyofuata wakaenda kupima duka la dawa, ikasoma 5.2. Shangazi, walishangilia, siku hiyo tulipika wali wa Kyela na kuku. Tangu hapo mama ameacha vidonge vyote, vya sukari na vya presha.

Sasa tuko mwisho wa Machi. Mama anaamka kukojoa mara nne, mara tano kwa usiku. Jagi zima la maji analimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Nilimbembeleza tukapime, sukari ikasoma 17.8 na presha 168 kwa 96. Wifi anasema mashine ya duka lile ni mbovu, na mafuta yaongezwe. Mume wangu nikimpigia anasema, "Mwache mama na imani yake, usije ukaonekana unamchukia dada." Na kweli naogopa. Nikifungua mdomo nitaambiwa naionea wivu biashara ya wifi. Jirani mmoja naye anayasifu mafuta hayo, anasema pumu ya mwanawe imepungua. Sijui tena nani mkweli. Habasoda inatibu au haitibu? Nifanyeje nisivunje nyumba?

Nimesahau: kuna kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, wiki ya tatu sasa. Mama anasema hakimuumi. Wifi akija jioni anakipaka mafuta hayo hayo. Na mimi kaniletea chupa yangu, eti ni nzuri kwa mwenye mimba. Sijaifungua.

Mkwe, Uyole

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Kidonda umekiweka mwisho kabisa, baada ya neno "nimesahau". Mimi naanza nacho, kwa sababu katika barua yako yote hicho ndicho kisichongoja.

Uliposema hakimuumi, hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Kidonda cha wiki tatu chini ya mguu, mtu anakikanyaga kila hatua, kinatakiwa kuuma. Kisipouma, maana yake sukari iliyokaa juu miaka mingi imeshaharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, na mara nyingi damu nayo inafika huko kwa taabu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, sehemu kubwa kwenye kliniki ya sukari huku Iringa. Kila mwaka baridi inapokaza, Juni na Julai, tulikuwa tunapokea wazee walioungua nyayo. Mzee amesogeza miguu kwenye jiko la mkaa apate joto, amesinzia, kilichomwamsha ni harufu ya ngozi yake mwenyewe. Maumivu hakuyasikia. Mama mmoja alivua gambuti mbele yangu, ikadondoka kokoto ya ukubwa wa punje ya mahindi. Alikuwa ameikanyaga tangu asubuhi shambani, na soksi imelowa damu.

Kwa hiyo ukiisoma hii leo, kesho asubuhi mama awe kwenye foleni ya kituo cha afya au hospitali, awahi. Usiku wa leo mwoshe mguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Joto la maji lijaribu wewe kwa kiwiko chako, asijaribu yeye kwa mguu wake. Kausha taratibu kwa kitambaa safi, pamoja na katikati ya vidole, ufunike kidonda kwa bandeji safi. Usipake chochote: mafuta yasipakwe, wala majivu, wala dawa ya meno, wala ule unga wa kapsuli ambao watu wanapenda kuufungua na kunyunyizia. Mafuta ya habasoda yakipakwa kwenye ngozi huwatoa baadhi ya watu vipele na malengelenge, na mguu wa mama hauna nafasi ya jaribio hilo. Asitembee peku hata ndani ya nyumba.

Ukiona mguu umevimba, wekundu unapanda kuelekea kifundo, kuna harufu au homa, usisubiri kesho. Vivyo hivyo mama akianza kutapika, akawa anahema haraka haraka, akalegea au akaanza kuongea yasiyoeleweka. Kukojoa mara tano usiku na kiu ya jagi zima ni sukari yenyewe inayomwagika, na kutoka hapo hadi hali mbaya si safari ndefu. Hapo tafuta gari usiku ule ule.

Sasa turudi Januari, kule kwenye tuta la viazi.

Ile haikuwa sumu inatoka. Ile ilikuwa sukari kushuka, na mtu anaweza kufa nayo. Glibenklamidi kazi yake ni kuisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu. Haiulizi kama umekula. Ukiimeza asubuhi inaendelea kusukuma mchana wote, na kwa mtu mzima ambaye figo zimeanza kuchoka inasukuma muda mrefu zaidi. Mama aliimeza, hakunywa chai, usiku uliotangulia hakula ugali, akashika jembe saa tatu nzima. Juu ya hayo kuna mafuta, ambayo nitakueleza sasa hivi kwamba nayo yana mkono wake katika kushusha sukari. Jasho kwenye baridi, kutetemeka, kumwita mtu jina la marehemu: ubongo umekosa sukari. Jirani yako na soda yake alimwokoa, mpelekee hata sado ya viazi. Ikitokea tena, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, mwangalie tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na ile 5.2 iliyopikiwa wali? Naamini mashine ilisema kweli. Ila tuhesabu waliosukuma gari. Kulikuwa na metformini. Kulikuwa na glibenklamidi. Soda na sukari ya chai ziliachwa. Ugali wa usiku uliachwa. Jembe lilishikwa kila asubuhi mwezi mzima wa palizi. Na mafuta. Watu sita wamesukuma, wifi akamshukuru mmoja. Kisha wawili wenye nguvu kuliko wote wakaambiwa waondoke, na mpaka Machi gari limesharudi nyuma hadi 17.8. Mafuta yalikuwepo muda wote huo, kijiko hakikuacha. Kama ni yenyewe yaliyomponya, yangemshikilia pale pale.

Hapo sisemi habasoda ni uongo. Nisingependa umwambie wifi hivyo, maana si kweli, na yeye atajua si kweli.

Hiyo mbegu watu wameitumia kwa karne nyingi. Inalimwa Misri, Uturuki, India, na hapa karibu Ethiopia, ambako wanaitia kwenye mkate na viungo. Ibn Sina aliitaja kwenye kitabu chake cha tiba karne ya kumi na moja. Ukiifikicha kati ya vidole, zile punje nyeusi zenye pembe pembe, inatoa harufu kali inayopanda puani. Ndani yake kuna kemikali inaitwa thimokwinoni, na ndiyo waliyoishughulikia zaidi watafiti wa siku hizi. (Msiichanganye na ufuta mweusi wala na bizari nyembamba. Sokoni nimeona vyote vitatu vikiitwa habasoda.)

Walipoipima kwa wagonjwa wa sukari, kuna utafiti wa Saudi Arabia uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 94, wamegawanywa makundi matatu: gramu 1 ya mbegu kwa siku, gramu 2, na gramu 3, kwa miezi mitatu. Waliopewa gramu 2 sukari yao ilishuka vizuri tu, hata kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kilishuka kwa pointi 1.5 hivi. Mimi kama muuguzi siwezi kuidharau namba hiyo. Lakini sikiliza mambo mawili. La kwanza, wagonjwa wale walikuwa wanaendelea na vidonge vyao vya hospitali, mbegu iliongezwa juu yake. Hakuna aliyeambiwa aache. La pili, waliopewa gramu 3 hawakupata nafuu kuliko wale wa gramu 2. Kuongeza hakukuongeza kitu.

Presha nayo imepimwa. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 11 na kuzisoma kwa pamoja: habasoda ilishusha presha ya juu kwa pointi kama 3, na ya chini karibu 3. Basi mchukue mama na 168 yake, umtoe 3. Anabaki na 165. Ndiyo, imeshuka, na bado ni presha inayoweza kupasua mshipa wa kichwa. Kidonge cha amlodipini alichokiweka kabatini kwa kawaida kinashusha zaidi ya hapo.

Na jirani yako wa pumu simbishii. Kuna utafiti mwingine wa Saudi, wa 2017, watu 80 wenye pumu, nusu yao walikunywa mafuta ya habasoda wiki nne na wakaeleza kuwa pumu imetulia kuliko wenzao. Hao nao hawakutupa dawa zao. Mwambie jirani dawa ya kuvuta ya mtoto ikae palepale ilipo, hata akiona mwezi mzima hajabanwa kifua.

Katika utafiti huo wa pumu, mafuta yalikuwa miligramu 500 mara mbili kwa siku. Gramu moja kwa siku nzima. Vijiko vitatu vya chakula anavyokunywa mama ni karibu gramu 40. Arobaini, mwanangu. Hakuna mtafiti ninayemjua aliyewapa watu kipimo hicho kwa miezi mitano. Na mafuta ni mafuta: vijiko vitatu vina kalori zaidi ya 350, ambazo ni sawa na ugali wa gramu 100 za unga. Ule ugali wa usiku aliokatazwa, anaunywa kwa vijiko.

Wifi anataka aongeze tena. Hapo simuungi mkono hata kidogo, na naomba asikasirike akinisoma.

Kuhusu ile karatasi ya fotokopi, maneno yaliyoandikwa pale yametoka kwenye Hadithi ya Mtume Muhammad iliyomo katika Sahihi al-Bukhari, nami nayaheshimu. Ndugu zangu Waislamu wamenieleza, na ndivyo ilivyo, kwamba wanazuoni wa Hadithi tangu zamani wapo waliofafanua kuwa "kila ugonjwa" hapo ni maneno ya jumla yenye maana mahususi, na kwamba Mtume huyo huyo aliwaambia watu wajitibu, wasikae bila kutafuta dawa. Hajatajwa mtu aliyeambiwa aache dawa nyingine. Na kwa kuwa ninyi ni Wamoraviani, mama afungue Isaya sura ya 28. Kuna mkulima pale anayejua kila mbegu inapurwaje: nyingine kwa gari, nyingine ndogo kwa fimbo tu, kwa sababu gurudumu lingeisaga. Wafasiri wengi wanasema ile inayopurwa kwa fimbo ndiyo hii mbegu nyeusi. Mama ni mkulima, atalielewa hilo kuliko mimi: kila kitu kwa kipimo chake.

Chupa yenyewe sijaipenda. Umewahi kusimama kwenye mashine ya alizeti, unaona mafuta yanatoka huku na mashudu kule, unajua unachobeba. Hii ya wifi imetoka kwenye dumu, dumu limetoka kwa mtu wa jumla, huko nyuma hakuna anayejua. Hakuna jina la mtengenezaji wala tarehe. Kuyachanganya na mafuta ya bei rahisi ni kazi ya dakika moja. Na mafuta haya yanaharibika yakikaa kwenye mwanga na joto. Yanatakiwa chupa ya giza, mahali pa baridi. Yakinuka kama mafuta yaliyokaangia mara nyingi, yameshachacha. Nchi yetu ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na bidhaa za tiba asili zinasajiliwa. Kama kikundi cha wifi kinataka biashara hii iwe ya kweli, waanzie huko, na ile karatasi waibandue leo.

Sasa shida uliyoniletea hasa, ya kusema bila kuvunja nyumba.

Mkwe hamwamrishi mama, hilo tunalijua wote. Lakini mkwe anaweza kuosha miguu. Usiku wa leo, unapomwosha mguu ule, mko wawili, watoto wamelala, hapo ndipo pa kusema. Usianze na mafuta. Usiseme "nilikuambia". Sema hivi: "Mama, sikukatazi mafuta yako. Ila kidonda hiki kimenitia hofu, naomba kesho tukakionyeshe. Na chupa tutaibeba, tumuulize daktari mbele yako, wewe mwenyewe usikie." Mama mwenye busara, ambaye hajagombana na wewe miaka yote hii, hawezi kulikataa hilo kwa urahisi, maana hukumwomba aiache imani yake. Umemwomba twende.

Kisha mpigie wifi, usiku huo huo, kabla hajasikia kwa mwingine. Najua unamwona kama ukuta. Mimi nilivyosoma barua yako nimeona mtoto wa kwanza anayetoka Mwanjelwa jioni kuja kushika mguu wa mama yake wenye kidonda. Huyo anampenda mama. Mpe kazi. "Wifi, mama mimi ananisikia nusu, wewe anakusikia kamili. Nisindikize kesho." Akija, akae ndani na mama kwa daktari, asibaki nje kwenye benchi. Mambo akiyasikia kwa masikio yake hutakuwa na haja ya kumsimulia, na hakuna atakayesema ni maneno yako.

Mume wako naye, akipiga simu, msomee namba mbili tu: 17.8, na 168 kwa 96. Usimweleze kuhusu dada. Mwambie mama ana kidonda mguuni wiki ya tatu. Madereva wanawajua wenzao waliokatwa miguu kwa sukari, ataelewa.

Kwenye kikapu kesho weka daftari la kliniki, vidonge vyote vilivyobaki na maboksi yake, na chupa ya mafuta. Daktari asimuliwe habari ya Januari tangu alfajiri mpaka ile soda, bila kuruka, kwa sababu inaweza kumfanya abadilishe glibenklamidi au apunguze dozi. Ndiyo maana sikwambii umrudishie vidonge vya sukari leo usiku kwa mkono wako, hasa hicho. Ombeni apimwe ile sukari ya wastani wa miezi mitatu, na figo. Mkiwa huko waulizeni pia dirisha la wazee, maana mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu, na watu wengi hawaulizi.

Mafuta yapumzike mpaka hapo. Kidonda kikishafunga na sukari ikashikika, kama mama bado anayataka, na daktari anajua, na kipimo ni kidogo, na nyumbani mna mashine ya kupimia, mimi sitakuwa na ugomvi nayo. Hela inayokwenda kwenye chupa mkiidunduliza miezi kadhaa mashine mtaipata. Daktari ajue pia kama mama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, kwa sababu habasoda inaweza kuongeza kutokwa damu. Na ikitokea mguu unahitaji upasuaji wowote, hata mdogo, aseme wazi tarehe ya mwisho aliyokunywa.

Chupa yako ya mimba uliyoacha kuifungua, iache hivyo hivyo. Punje chache za habasoda juu ya mkate ni chakula, hazina neno. Kunywa mafuta yake kwa vijiko ukiwa na mimba ni jambo jingine, usalama wake haujathibitishwa, na miezi mitano si wakati wa kujaribu. Mshukuru wifi, uiweke juu ya kabati. Na wewe kliniki yako umekwenda mwezi huu? Katika barua nzima umemhesabia mama kila kidonge, wewe mwenyewe hujajitaja.

Niandikie kidonda kimesemwaje. Na yale magambuti ya mama, kabla hajavaa tena kwenda shambani, yapindue yote mawili mlangoni, uyakung'ute, halafu ingiza mkono wako ndani mpaka kwenye vidole.